Moja, Nne, Tatu, Mbili

Kwenye gereji ya baba, pale Ngamiani, Tanga, kuna rafu ya juu isiyowekwa spea. Inakaliwa na boksi dogo la karatasi ngumu, tupu, lililopauka kwa jua. Zamani lilikuwa na raba za masta silinda ya breki. Nembo iko sawasawa, herufi hazina kosa hata moja, na pembeni kuna kile kistika kinachobadilika rangi ukikigeuzageuza kwenye mwanga. Baba husema boksi lile lilikuwa zuri kuliko la kweli.

Raba zenyewe alizifunga mwaka 1999 kwenye pikapu ya mwalimu mmoja wa Lushoto. Baada ya wiki tatu zilivimba, na gari likakosa breki kwenye kona za kushuka Mombo. Mwalimu alipona. Mdogo wake, aliyekaa nyuma na magunia ya viazi, hakupona. Hakuna aliyemshtaki baba. Mwalimu alikuja gerejini mwenyewe, bandeji kichwani, akasema ni mipango ya Mungu. Baba akaitikia, akamwagizia chai. Tangu siku ile sijamsikia akitamka neno feki kwa mzaha, kama tunavyosema sisi wengine: viatu feki, nywele feki, mapenzi feki.

Kwa hiyo nilipofikisha miaka 34, nikiwa naishi Uingereza, nina akiba ya pauni 22,000 na nimeamua kuila karibu yote kwa kununua gari la kuiga, nilijua kuna simu moja nitakayoiahirisha mpaka mwisho.

Gari la asili lenyewe nililiona Goodwood, kusini mwa Uingereza, kwenye yale mashindano ya Septemba ambako watu wazima huvaa kama babu zao na kukimbiza magari ya kabla ya mwaka 1966. Lilikuwa limeegeshwa kwenye nyasi, rangi ya fedha, dogo kiasi kwamba nililipita mara ya kwanza nikidhani ni la watoto. Porsche 550 Spyder. Halina paa. Mlango wake unanifika chini ya nyonga. Fundi mmoja alikuwa analipasha moto, na mlio wake ulinisimamisha: kavu, wa haraka, kama mtu anapasua kanga mpya kipande kwa kipande. Ndani ya mlio ule kulikuwa na kitu ninachokijua. Nilisimama pale mpaka fundi akaanza kuniangalia.

Lilizinduliwa mwaka 1953. Lina uzito wa kilo 550 hivi, na injini yake ya lita moja na nusu, kazi ya mhandisi Ernst Fuhrmann, ina kemshafti nne na ilitoa nguvu za farasi takriban 110. Kwa gari jepesi namna ile zilitosha kuwaaibisha wakubwa. Mwaka 1954, kwenye mbio za Mille Miglia za Italia, dereva Hans Herrmann alikuta kizuizi cha reli kinateremka na treni inakuja. Akampiga mwenzake kofi la kofia, wote wakainamisha vichwa, gari likapita chini ya kizuizi. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba, mwigizaji James Dean alifia ndani ya 550 barabarani California, akiwa na miaka 24. Yalitengenezwa 90 hivi tu. Leo moja likipigwa mnada, bei inahesabiwa kwa mamilioni.

Mtu wa mshahara kama mimi akilipenda gari kama hilo ana njia mbili. Aweke picha ukutani, au atafute nakala.

Sikuanza moja kwa moja na 550. Ukiingia soko la nakala Uingereza, kila mtu anakusukumia Cobra. Ni hadithi tamu, sikatai: Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyeshinda Le Mans mwaka 1959, aliyewahi kufuga kuku na kufilisika, alichukua bodi nyepesi ya AC kutoka Uingereza akaitia injini ya V8 ya Ford. Hiyo ni 1962. Za asili ni kama 1,000. Nakala zimeshazipita mara nyingi sana, kiasi kwamba ukiiona Cobra barabarani, chukulia ni nakala mpaka uthibitishiwe vingine. Nilikwenda Kent kuangalia moja. Bodi ya faibaglasi, injini ya V8 ya Rover, rangi ya buluu na mistari miwili mieupe. Mwenyewe alifungua boneti kwa mbwembwe, na pale kwenye ukuta wa injini nikaona kibati cha alumini kimepigwa ribiti, kina namba inayoanza na herufi tatu za Shelby. Nikamuuliza. Akacheka: "Ni pambo tu. Wageni wanapenda."

Labda kweli ni pambo. Lakini kibati kilikuwa kimekwaruzwa kwa makusudi ili kionekane kimezeeka, na mimi mkwaruzo wa makusudi naujua, nimekua miongoni mwake. Niliendesha saa mbili na nusu kurudi nyumbani bila redio.

Kisha kulikuwa na karakana moja ya Midlands wanakotengeneza Jaguar C-type. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sijawahi kuona kazi ya mikono kama ile. C-type ilishinda Le Mans mwaka 1951, ikashinda tena 1953 ikiwa na breki za diski, wakati wapinzani wake bado walikuwa na za drami. Za asili zilikuwa 53. Mzee mmoja alikuwa amesimama na bati la alumini, analipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma, mbele nyuma, mbele nyuma, na bati linaanza kujaa taratibu kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Injini wanaitoa kwenye Jaguar kuukuu za abiria wanne, kwa sababu familia ya injini ni ileile iliyokimbia Le Mans. Hawamdanganyi mtu; kwenye karatasi zao wanaandika kwamba ni gari lao, na mwaka wao. Nililipenda sana lile gari. Nikauliza bei, nikashukuru, nikaenda kula chipsi.

Ndipo nikakubali kilichokuwa kimenivuta tangu Goodwood.

Nakala nyingi za Spyder hutumia injini ya Volkswagen Beetle. Wajuzi wa Porsche wanalisema jambo hili kama watu wanaotaja maradhi ya mtu. Injini ya Fuhrmann, wanakwambia, ilikuwa saa ya mkononi, na ile ya Beetle ni ya kubebea maziwa. Mimi nilikulia juu ya injini hiyo. Wamisionari wa milimani walikuwa na Beetle kadhaa, na baba ndiye aliyekuwa fundi wao. Nikiwa darasa la tano alinifundisha kupima nafasi ya valvu: injini iwe baridi kabisa, fila ya milimita 0.15 ipite kwa kukwaruza kidogo, isipwaye wala isigome. Mpangilio wa moto nilikaririshwa kabla ya jedwali la saba. Moja, nne, tatu, mbili. Nilikuwa nauimba nikienda kuchota maji, na wenzangu walidhani ni wimbo wa kanisani.

Na wajuzi hao wanasahau jambo. Porsche ya kwanza kabisa kubeba jina hilo, iliyosajiliwa Juni 1948 huko Austria, ilikuwa na injini ya Beetle, nayo iliwekwa katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, kama ilivyokuja kuwa kwenye 550. Ferdinand Porsche mwenyewe ndiye aliyeisanifu Beetle. Mtu anayeweka injini ya Beetle kwenye umbo la Spyder anarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma tu. Hata huku kwetu Beetle haikuwa ya maziwa peke yake: mwaka 1954 ilishinda Safari Rally, ikiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha. Baba alikuwa hajazaliwa, lakini hulisimulia kama aliyekuwa anasukuma.

Nilipata mbili zilizokuwa ndani ya uwezo wangu. Moja Devon, moja Lancashire, na bei zake hazikupishana sana.

Ya Devon ilikuwa ya fedha, na ilikuwa nzuri mno. Muuzaji ni mzee mjane mwenye sauti ya upole. Alinipa keki. Rimu zilikuwa za aina inayotakiwa, taa za aina inayotakiwa, hata skrubu za dashibodi zilielekea upande mmoja. Akanionyesha kadi ya gari: Volkswagen Beetle, mwaka 1967. Faida yake akanieleza kama anayenipa zawadi. Gari lililopita miaka 40 kule halilipi kodi ya barabara, wala halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Nikaacha pauni 500 za kushikia.

Nilijua tatizo liko wapi, nisijifanye sikujua. Chesisi ya gari lile ilikuwa ya mabomba, mpya, iliyochomelewa na mtengenezaji wa nakala. Kwa kanuni za usajili za huko, ukishaitupa chesisi ya Beetle huwezi kubaki na kadi ya Beetle. Gari hilo lilitakiwa kwenda kupimwa upya na kupewa namba mpya. Halikwenda. Wako wengi hivyo, kila mtu anajua, na mzee wa Devon alilinunua likiwa hivyohivyo. Nilijiambia maneno haya yote kwenye treni, kwa mpangilio huu, mara kadhaa.

Kaka yangu, anayefanya kazi na baba, ndiye niliyempigia kwanza. "Dada, kwa hela hiyo si ungetuletea Noah mbili tukapige ruti?" Kisha, bila kuniuliza, akampa baba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko?"

"Kiasi. Baba, nanunua gari. Ni nakala."

Nilisikia nyundo ya mtu wa bodi kwa nyuma. Ikapiga mara nne au tano.

"Nakala ya nini?"

"Ya Porsche ya zamani ya mashindano. Injini ni ya Beetle."

"Beetle," akasema, na sauti yake ikasogea karibu na simu. "Imekaa wapi?"

"Katikati. Mbele ya ekseli."

Akacheka, kicheko ambacho sikukitegemea. "Basi wameigeuza. Na kama wameigeuza, lazima waliipindua ile gia kubwa ya difu. La sivyo ungekuwa na gia nne za rivasi na moja ya kwenda mbele. Mbio hizo ungekimbia ukiangalia ulikotoka."

Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwa wiki nzima kabla ya kulielewa. Yeye limemchukua sekunde, na hajawahi kuiona hata picha ya gari lenyewe.

"Kadi imeandikwa nini?" akauliza.

"Beetle ya 1967."

"Ni Beetle?"

"Injini na giaboksi, ndiyo."

"Mimi nimeuliza gari."

Nikanyamaza.

"Na breki zake nani anazikagua?"

"La umri huo halilazimiki kukaguliwa, baba. Ni hiari ya mwenye gari."

Nyundo ilikuwa imesimama. "Haya," akasema. "Msalimie mwenzio." Akamrudishia kaka simu.

Nilimkasirikia siku tatu. Nina miaka 34, hela ni zangu, na nimezoea watu wa nyumbani wakinipangia. Zaidi ya hapo, niliona ananionea: mzee wa Devon hakuwa mwizi wa Gerezani. Breki za gari lake huenda zilikuwa nzima kabisa. Nililala nikitazama zile picha kwenye simu, na picha niliyokuwa nairudia haikuwa ya gari, ilikuwa ya kadi. Karatasi safi, mihuri yote, jina na mwaka. Siku ya nne nilimwandikia mzee kwamba nimeghairi. Akanijibu vizuri sana. Zile 500 hakurudisha, na ilikuwa haki yake.

Ya Lancashire ina rangi ya buluu iliyochoka, kama jinzi. Mlango wa kulia ukiufunga lazima uusindikize kwa goti. Aliyeliunda ni fundi umeme mstaafu, mtu asiyeongea, na hakunipa keki. Namba yake ya usajili inaanza na Q. Herufi hiyo Uingereza hupewa gari ambalo umri wake au asili yake haijulikani kwa uhakika, lililounganishwa kutoka vipande vya huku na huku. Wanunuzi wanaikimbia. Inashusha bei, na huwezi kuificha chini ya namba nyingine ya mapambo. Ipo mbele na nyuma ya gari, kila anayekufuata anaisoma: huyu hatujui kazaliwa lini.

Nilimwomba anionyeshe karatasi. Akaleta faili nene lenye madoa ya oili. Ukurasa wa juu ulikuwa wa ukaguzi aliopelekea gari lilipokamilika, ule ambao kila kitu kinapimwa, mpaka kingo za vyuma zisiwe kali za kumkata mtu. Gari lilikuwa limeanguka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanakabwa na breki kabla ya ya mbele, na gari la namna hiyo likifungiwa breki ghafla hugeuka likatazama lilikotoka. Chini yake kulikuwa na risiti za masta silinda mpya ya saketi mbili na za vali ya kupunguza msukumo wa nyuma. Chini yake tena ukaguzi wa pili, limepita. Halafu ukaguzi wa kila mwaka, miaka 11, mmoja juu ya mwingine.

"Kwa nini umeuweka ule ulioanguka juu?" nikamuuliza.

Akainua mabega. "Ndio wa kwanza."

Nikalipa pauni 17,500.

Sasa nisikudanganye kuhusu kuliendesha. Halifanani na lile la Goodwood. Lile lilipasua kanga. Langu linatatarika kama cherehani ya mguu iliyokosa mafuta. Mlima mkali linaupanda kwa kuomba. Linadondosha oili, matone matatu kila usiku, na kaka anasema Beetle isiyodondosha ujue imekauka. Wanaume wa makamo hunisogelea kwenye vituo vya mafuta, hutazama umbo, hutabasamu, kisha husoma namba na tabasamu likapungua. "Ah, nakala." Ndiyo, nawajibu, injini ni ya Beetle. Wengine huondoka. Mmoja alikaa nusu saa, akanieleza Beetle ya mama yake.

Lakini ukikaa chini vile, lami iko karibu kiasi kwamba unaweza kuigusa kwa kiganja, na nyuma ya mgongo wako silinda nne zinaimba kitu ambacho uliimba ukiwa na ndoo kichwani. Barabara moja ya vilima karibu na kwangu ina kona saba za kuteremka. Kila ninapoikaribia, mguu wangu unaigusa breki mapema mno. Linashika, sawasawa, bila kuvuta kushoto wala kulia. Najua litashika. Bado naigusa mapema.

Mwezi uliopita nilimpigia baba nikiwa kando ya gari, injini inanguruma. Akaniambia niisogeze simu nyuma, karibu na ekzosi. Nikaisogeza. Alisikiliza muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kuna valvu imekaza," akasema. "Angalia namba tatu. Ile ndiyo inayopata joto kuliko wenzake."

Kesho yake, injini ikiwa baridi na mimi nikiwa baridi zaidi, nililala kwenye saruji na fila yangu ya 0.15. Moja, nne, tatu, mbili. Namba tatu ilipitisha fila vizuri kabisa, kwa ule mkwaruzo mdogo. Iliyokaza ilikuwa namba moja. Nikairekebisha, nikanawa, nikampigia.

"Ni namba moja, baba. Tatu haina tatizo."

"Umepima injini ikiwa baridi?"

"Baridi, baba."

"Ukapima mara mbili?"

"Mbili."

Nikasikia akimwambia mtu aache kupiga nyundo kidogo.

"Simu za siku hizi nazo," akasema.